Kabange na Wavu wa Ndakala

Wapo Kalemie mpaka leo wanaosema kwamba Kabange aliingia timu ya voliboli ya chuo cha ualimu kwa mgongo wa pacha wake. Ni kweli, na nyumba ya Mama Constance haikulificha jambo hilo hata siku moja. Wasemaji husahau namna alivyotoka katika timu ile, na alikopanda baada ya kutoka. Wote waliomwona miaka ya baadaye, amekaa juu ya ngazi ya mwamuzi na filimbi mdomoni, huku wanaume wazima wakirudisha mpira bila kubisha, wangependa kujua mambo yalivyoanza.

Yalianza kwa baba yao. Alikuwa fundi wa garimoshi, Mluba wa Kabalo, na kwa Waluba mapacha, au mapasa kama tusemavyo kwetu, hawatafutiwi majina: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Padri aliwabatiza Lucie na Adrienne, lakini miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikuwa hayaandikwi shuleni, kwa hiyo yakabaki nyumbani pamoja na picha ya Bikira Maria. Wasichana walipofikisha miaka minane, baba alifariki. Mama Constance, mwalimu wa darasa la tano, akawalea kwa chaki na kwa sheria moja aliyoachiwa na wakwe zake: unachompa pacha mmoja, mpe na mwenzake, kitu kile kile, saa ile ile. La sivyo aliyenyimwa ataugua, au aliyepewa atadhurika.

Mama Constance alikuwa mtu aliyesoma. Alijua vizuri kwamba homa inaletwa na mbu. Ila alijua pia kwamba majirani wana macho, na mjane akionekana anawabagua watoto wa marehemu, habari itafika Kabalo kabla ya treni. Basi nguo zilikuwa mbili, sahani mbili, kalamu mbili. Kitanda tu ndicho kilikuwa kimoja, kwa sababu chumba hakikutosha viwili, na humo mapacha walipigana mateke kwa usawa kabisa.

Mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na saba wakaingia chuo cha ualimu, wote wawili, siku moja.

Hawakufanana. Kyungu alikuwa mrefu, mikono yake ilionekana kama ameiazima kwa mtu mkubwa zaidi. Kabange alimfikia begani. Mwalimu Barnabé, aliyefundisha hesabu na kuongoza timu ya wasichana, alipomwona Kyungu akiruka na kupigilia mpira chini upande wa pili, alisema hajaona mkono wa namna ile tangu aondoke kwao Bukavu. Wiki hiyo hiyo masista walileta jezi kumi za kijani, zilizokatwa katika kitambaa kimoja cha mabaki kutoka kiwanda cha nguo, pamoja na kaptula pana kama sketi ili wazazi wasipige kelele. Mwalimu Barnabé akampa Kyungu jezi moja. Kabange hakupewa kitu, kwa sababu mpira uliomfikia Kabange ulipita katikati ya mikono yake kama maji.

Kesho yake Kyungu akashikwa na homa.

Mtaa mzima ulijua sababu. Wanawake walipita mmoja mmoja kumpa pole Mama Constance na kumwangalia Kabange, aliyekuwa mzima wa afya, amekaa mlangoni akisoma. Jirani mmoja alimfuata mwalimu mpaka chuoni.

"Papa mwalimu, kwenu Bukavu mapasa wanazaliwa?"

"Wanazaliwa, Mama."

"Na munawavalisha mmoja, mwingine munamwacha uchi?"

Jioni ile Mwalimu Barnabé alifika kwa Mama Constance na jezi ya pili imefungwa katika gazeti, na kuku wawili, maana alikuwa ameelezwa kwamba kuku mmoja angezidisha kosa. Mama Constance alimkaribisha kiti, akamshukuru, kisha akamwonyesha vidonge vya nivakini alivyokuwa amempa Kyungu tangu asubuhi. Siku ya tatu Kyungu alisimama. Mtaa ulisema ni jezi. Mama Constance hakubisha na mtaa, lakini vidonge aliendelea kununua.

Hivyo ndivyo Kabange alivyokuwa mchezaji wa kumi. Alivaa jezi kila mechi, akakaa benchi kila mechi, na jezi ilirudi nyumbani safi kama ilivyotoka. Wenzake walimpenda, ila walimwita Dada wa Kabati. Alicheka nao. Usiku alikuwa akijiambia kwamba katika maisha yake hajawahi kupewa hata kitu kimoja kwa sababu yeye ni yeye. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kivuli cha kitu cha Kyungu, na alitaka, angalau kimoja, kiwe chake.

Kwa kuwa benchi halina kazi, alimwomba mwalimu kitabu kidogo cha sheria za voliboli, cha Kifaransa, akakisoma mpaka jalada likatoka. Alikimaliza mara ya tatu ndani ya treni, walipokuwa wanakwenda kucheza Nyunzu.

Nyunzu waliwapokea kwa mihogo na kelele. Mwamuzi alikuwa bwana shamba wa pale, mtu mwema aliyejua mbegu kuliko mpira. Katika seti ya pili Kalemie walikuwa wanaongoza, Kyungu akashika mpira kuanzisha. Kabange akasimama kutoka benchi.

"Bwana mwamuzi, samahani. Sisi tumekosea zamu. Anayetakiwa kuanzisha ni Émérence."

Émérence alikuwa kapteni wa timu, msichana mpole mwenye pigo la kuanzishia lililopinda hewani kama ndege anayebadili nia. Nyunzu yote ikacheka. Bwana shamba akaomba kitabu, akasoma, akawapa wenyeji mpira.

"Kabange," Kyungu aliita kutoka uwanjani, "wewe njo wa timu gani?"

"Ya kijani."

"Basi funga kinywa chako cha kijani."

Walishinda hata hivyo, seti tatu kwa moja. Lakini katika treni ya kurudi hakuna aliyempa Kabange karanga mpaka walipopita Niemba, na hapo aliyempa ni Émérence, tatu tu, tena akiangalia dirishani.

Mwezi wa kwanza walipanda meli kwenda Moba. Huko walipigwa seti tatu bila. Kyungu aliruka na kuruka, lakini hakuna aliyeweza kumpandishia mpira mahali alipoutaka, na mkono wake mrefu ulipiga upepo. Walirudi wanyonge, wakijua kwamba mwezi wa nne Moba watakuja Kalemie kwa mechi ya mwisho, na kwamba atakayeshinda hiyo ndiye atakayechukua kombe la mashule ya ziwani.

Ndipo Zaina akaingia chuoni. Alikuwa binti wa Papa Zahoro, mwenye duka karibu na bandari, mmoja wa wale ambao babu zao walikuja kwa biashara ya ziwani na wakabaki. Zaina alikuwa amekaa Kigoma kwa shangazi yake, na huko alijifunza kupandisha mpira kwa ncha za vidole, taratibu, kana kwamba anaweka yai kwenye kikapu. Siku ya kwanza alimpandishia Kyungu mipira mitano. Mitano yote ilizama mchangani upande wa pili. Wasichana walitazamana.

Jezi zilikuwa kumi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na sheria ilidai rangi moja. Kila mtu alijua jezi ipi haijawahi kuona jasho, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Mwalimu Barnabé, ambaye sasa alijua bei ya kuku, alitazama juu kama mtu anayehesabu mawingu.

Kabange aliiweka jezi mezani kwa mama yake wakati wa chakula cha jioni.

"Mama, nataka kumpa Zaina hii."

"Dada yako atabaki na yake?"

"Atabaki nayo."

"Hapana," alisema Mama Constance. "Miaka kumi na miwili sijawapa watu nafasi ya kusema. Leo waseme nimekuvua nguo kwa ajili ya mpira? Wajomba wa baba yako wangekuja hapa na treni ya kwanza."

"Mama, nguo hiyo si yangu. Ni ya Kyungu, imekatwa mara mbili."

Kyungu aliacha kutafuna. Mama Constance alimtazama binti yake mdogo kwa muda, kwa sababu jambo kama hilo alikuwa hajalisikia katika nyumba yake, na kwa sababu, kama mwalimu, alijua sentensi sahihi akiisikia. Hata hivyo hakubadili neno. Alisema tu kwamba Kabange akitoa kitu, lazima apokee kitu, kizito sawa, saa ile ile.

Kitu hicho kilikuja na meli. Ilikuwa barua ya Mwalimu Damien, kiongozi wa timu ya Moba, kwa Mwalimu Barnabé. Aliandika kwamba Moba hawatakubali mwamuzi wa Kalemie, maana waamuzi wa Kalemie anawajua. Wamemwomba mtu wa Kabalo, naye amekataa safari. Lakini binamu yake anafundisha Nyunzu, na amemsimulia habari za msichana aliyeinuka benchi akawanyang'anya watu wake mpira. "Huyo tunamkubali," aliandika. "Hata kama ni wenu."

Mwalimu Barnabé aliisoma mbele ya timu akidhani ni mzaha. Kabange hakudhani hivyo.

"Nipe filimbi, Mwalimu," alisema.

Ilibaki kumridhisha Mama Constance. Alisema vizuri, filimbi ni kitu, ila haiwezi kuwa sawa na jezi, kila mwenye mkono anaweza kuhisi. Kwa hiyo Jumamosi moja baada ya salongo, watu walipokuwa wamekwisha kufyeka barabara kama serikali ilivyotaka, wote walikwenda dukani kwa Papa Zahoro, penye mizani ya sahani mbili aliyopimia chumvi. Jezi ya Kyungu ikawekwa sahani hii, filimbi ya Kabange sahani ile. Upande wa jezi ukashuka puu.

"Ongeza," alisema Mama Constance.

Wakaongeza kitabu cha sheria. Bado. Wakaongeza kalamu ya risasi na kamba ya filimbi. Bado. Mwalimu Barnabé, shingo upande, akavua saa yake ya mkono, akaiweka. Mizani ikatikisika lakini haikusawazika. Papa Zahoro akachukua kisu, akakata kipande cha sabuni, akakiweka polepole, na sahani zikasimama sawa.

"Sabuni njo ya nini?" aliuliza Mama Constance.

"Mwamuzi anatukanwa sana, Mama Mapasa. Atanawa."

"Na una hakika kidole chako hakiko kwenye mizani? Ni binti yako anayengoja jezi."

Papa Zahoro aliinua mikono. "Hesabu. Kumi yote iko hewani."

Watu waliojaa mlangoni walishuhudia, na hilo ndilo Mama Constance alilotaka. Kabange alichukua filimbi, kitabu, kalamu, saa na sabuni. Zaina alichukua jezi ya Kabange, akaivaa juu ya blauzi yake ya mikono mirefu, na kitambaa chake kichwani kikiwa kimekazwa, kama alivyomwahidi baba yake.

Moba walifika siku ya mechi asubuhi. Uwanja wa chuo ulikuwa karibu na ufuko, na wavu wake haukununuliwa dukani: ulishonwa kwa wavu wa ndakala, ule wa matundu madogo wanaovulia samaki wadogo wa ziwa letu, ukatiwa rangi nyeusi na kufungwa kamba nzito juu. Kabange alipanda ngazi iliyoazimwa kwa mafundi wa reli. Watu kama mia tatu walimtazama akipanda. Sauti moja ikasema, "Dada wa Kabati ametoka kabatini," na kicheko kikapita uwanja mzima. Kabange alingoja kiishe, akapuliza.

Ilikuwa mechi ambayo waliokuwepo bado wanaisimulia. Moba walichukua seti mbili, Kalemie mbili. Zaina aliweka mayai yake kikapuni, Kyungu akayavunja. Émérence alianzisha mipira iliyopinda mpaka Moba wakawa wanaikimbia badala ya kuipokea. Juu ya ngazi Kabange alipuliza mara nyingi, huku na huku, na kila alipopuliza dhidi ya Kalemie watu walimkumbusha nyumba anayolala. Hakugeuka. Alihisi jambo jipya kabisa: hakuna aliyekuwa anamtafuta Kyungu usoni mwake.

Seti ya tano ikafika kumi na nne kwa kumi na tatu, Kalemie mbele, mpira wao. Kwa mtindo wa miaka ile, pointi ilikuwa ya anayeanzisha tu. Ilibaki moja. Upepo wa alasiri ulikuwa umeamka ziwani na wavu ulikuwa unacheza. Mpira ukaenda, ukarudi, Zaina akaupandisha, Kyungu akaruka, akaupiga chini katikati ya Moba, na Kalemie nzima ikasimama kushangilia.

Kabange akapuliza. Akaonyesha wavu: umeguswa, na kuugusa ni kosa.

Kyungu alikuja mpaka chini ya ngazi, jasho linamtiririka, akainua uso. Kwa heshima ya uwanja alimwita mwananchi, kwa Kifaransa, kama serikali ilivyofundisha.

"Citoyenne mwamuzi, ule ni upepo."

"Si upepo."

"Upepo unatikisa wavu tangu saa tisa."

"Upepo unautikisa kutoka nguzoni, wote pamoja," alisema Kabange. "Huu umetikisika katikati, padogo, kama ndakala ameingia. Mpira wa Moba."

Wavuvi waliokuwa nyuma walinung'unika, lakini hawakumpinga, kwa kuwa jambo hilo walilijua kuliko wengine wote. Moba walianzisha mpira. Kumi na nne kwa kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Kombe likapanda meli.

Siku mbili Kabange hakutoka nje. Kyungu hakusema naye, na kitandani alimgeuzia mgongo wenye maana nyingi. Jumatatu Mama Constance aliwavalisha mabinti wote wawili vitenge vya aina moja, akaenda nao sokoni, akapita njia ndefu ili aonekane vizuri. Muuza ndakala mmoja alimtazama Kabange toka chini mpaka juu.

"Mama Mapasa, huyu wa filimbi naye anakula kwako?"

"Anakula sahani sawa na ya dada yake."

"Hata alivyotuuza kwa Moba?"

"Anayeuza anapokea kitu," alisema Mama Constance, bila kupandisha sauti. "Nionyeshe alichopokea. Nyumba ya marehemu mume wangu haijasema uongo mbele ya watu mia tatu, na haitaanza kwa sababu ya kikombe cha bati."

Muuza ndakala alipima fungu, akafikiri, akaongeza kiganja kimoja juu. Halafu akakumbuka anayemuuzia ni nani, akaongeza na cha pili.

Mwezi wa sita barua nyingine ikaja. Moba walikuwa wanaandaa mashindano ya likizo, timu sita, na walimtaka mwamuzi Kabange kwa siku kumi. Ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi ya meli. Moja.

Mama Constance aliizungusha tiketi hiyo mezani jioni nzima. Kitu kimoja, mtoto mmoja. Hakukuwa na duka lenye mizani ya kupimia safari.

"Nitampa nini Kyungu kilicho sawa na Moba?" alisema mwishowe.

"Kitanda," alisema Kyungu. Lilikuwa neno lake la kwanza refu kuhusu mambo ya mwamuzi tangu ile mechi, maana aliendelea. "Siku kumi, Mama. Kitanda kizima, pembe zote nne. Tangu nizaliwe sijawahi kunyosha miguu. Kama kuna deni, ni mimi nitakuwa ninadaiwa."

Mama Constance alijitahidi kubaki na uso wa mwalimu, akashindwa. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akamkabidhi Kabange tiketi mkononi, na Kyungu hakupewa kitu, na hakuna aliyeugua.

Kyungu alimsindikiza mpaka bandarini, akibeba sanduku kichwani. Karibu na meli alilishusha, akatazama maji.

"Niliugusa," alisema. "Kidole cha mwisho, hiki."

"Najua."

"Ungenyamaza tungechukua kombe."

"Hilo pia najua."

"Basi na wao uwapulizie."

"Wakigusa."

Kyungu alimsukuma bega, Kabange akamsukuma naye, na watu wa bandari wakapita pembeni yao na magunia. Kabange akanyanyua sanduku lake, akapanda. Juu, karani wa meli, aliyewajua mapacha wa Mama Constance tangu wakiwa wadogo, alichukua tiketi na kuchungulia nyuma yake.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Leo niko mmoja," alisema Kabange, na karani akatoboa tiketi.